Mkono wa Mvundikaji

Ndizi ikiachwa mgombani mpaka iivie hukohuko, mwenye shamba haambulii kitu cha maana. Popo huifikia kwanza, halafu ngedere, halafu nyigu, na zinazosalia hupasuka ganda zikiwa zimeiva upande mmoja na upande wa pili bado, nyama yake ya ungaunga isiyokolea utamu. Kwa hiyo mkungu hukatwa ungali kijani na kuivishwa nje ya mgomba. Karibu kila ndizi mbivu inayouzwa kando ya barabara, kutoka Bukoba mpaka Bagamoyo, imepita mikononi mwa mtu aliyeamua iive lini, kwa kasi gani na iishie wapi. Mtu huyo hana kibao mlangoni wala cheti ukutani. Ni mvundikaji.

Kuvundika kuko kwa namna nyingi. Nyumbani watu hufukia maembe kwenye mpunga, hutia ndizi guniani na kulifunga, huficha mastafeli chini ya kitanda watoto wasiyaone. Madalali wa mjini hufunika mikungu kwa turubai na kuweka jiko la mkaa katikati. Ila mimi ninayemhusudu kuliko wote ni mvundikaji wa shimo, ambaye bado utamkuta vijijini, na kwa wingi zaidi katika nchi za Maziwa Makuu ambako ndizi za pombe huivishwa ardhini. Ni kazi ya siku tatu nne, na nathubutu kusema kwamba kemia iliyomo ndani ya shimo lile inatosha kufundishia kidato kizima.

Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, njia ya kwenda Matombo, yuko bibi mmoja anayewavundikia wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Ukimwamkia shikamoo ataitikia marahaba mwanangu bila kuinua kichwa, kwa maana macho yake yako kwenye mkungu. Kazi yake inaanzia hapo, kwenye kukagua. Hupitisha kidole gumba kwenye kingo za ndizi. Ndizi changa ina kingo zinazohesabika. Kadiri inavyokomaa ndivyo zinavyofutika, mpaka ndizi inakaribia kuwa mviringo. Kisha hugusa mabaki ya ua yaliyokauka kwenye ncha. Yakidondoka kwa kuguswa tu, mkungu unapita. Yakishikilia, unawekwa kando.

“Huu mtoto,” anamwambia kijana aliyeuleta. “Mmeuwahi.”

Kijana anabisha kidogo, kama inavyopasa, kisha anaupeleka kwenye zile za kupikwa. Hana la kufanya. Tangu ua lifunguke mpaka mkungu ukatwe hupita miezi mitatu au zaidi, na muda wote huo mgomba unapeleka sukari kwenye tunda, nalo linaigeuza wanga na kuiweka akiba. Katika ndizi iliyokomaa sawasawa, wanga peke yake huchukua sehemu ya tano ya uzito au zaidi. Ikishaiva vizuri, wanga hubaki asilimia 1 au 2 hivi, na mahali pake pamejaa sukari. Mvundikaji haongezi hata chembe. Anachofanya ni kuifungua akiba, na kwenye ndizi iliyowahiwa akiba hiyo haimo: ganda litageuka rangi, ndizi itasinyaa, na mlaji ataonja ukakasi uliochanganyika na maji. Ndiyo sababu bibi huyu anatumia muda mrefu zaidi kwenye kukagua kuliko kwenye shimo lenyewe, jambo ambalo mgeni aliyekuja kutazama moshi hulichoka upesi.

Mikungu iliyopita hukatwa chane kwa chane. Chane hulazwa juu ya majani, mkato ukiangalia chini, usiku kucha, ili utomvu uchuruzike. Utomvu ukidondokea ganda la ndizi nyingine huacha madoa meusi ambayo mnunuzi wa mjini huyadhania ugonjwa. Wakati huohuo bibi hutenga chane za juu ya mkungu na za chini. Za juu ndizo zilizotangulia kufunguka, kwa hiyo ni wakubwa kwa siku kadhaa kuliko wadogo zao wa chini, na zikiachwa pamoja zitaanza mapema na kuwaburuta wenzao kabla hawajawa tayari. Nilipomuuliza kwa nini wakubwa wamewekwa pembeni kabisa, mbali na tundu la moshi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba.

Shimo lake lina kina cha kiuno. Kabla halijatumika huwashwa humo majani makavu ya mgomba, moto wa kulipuka na kuisha, ili kuta zikauke na zishike joto. Majivu hukombwa. Halafu huja majani mabichi, mengi, yakipishana, mpaka udongo hauonekani kokote. Ndizi ikigusa udongo huoza mahali ilipogusa. Chane hupangwa zikiwa zimesimama, ncha juu, bila kushindiliwa. Juu yake majani mabichi tena, kisha makavu, kisha fito, kisha udongo. Ubavuni limeachwa tundu la kupitisha ngumi, na mbele ya tundu hilo bibi huweka chungu kilichotoboka kitako, kimejazwa pumba na makumbi ya nazi yanayofuka. Hapo huinama na kupuliza. Moto hautaki. Makumbi yakishika mwali huyanyunyizia maji kidogo, kwa sababu mwali unaounguza vizuri hauna faida kwake. Anautaka moshi mzito wa kitu kinachoungua kwa shida. Moshi ukianza kupenyeza juu, kwenye nyufa za udongo, huziba tundu kwa bumba la majani na tope.

Sayansi ilichelewa sana kuuelewa moshi huu. Mwaka 1910, mkemia H. H. Cousins aliandika katika ripoti ya idara ya kilimo ya Jamaika kwamba machungwa yasipakiwe meli moja na ndizi, kwa kuwa kuna kitu kinachotoka kwenye machungwa kinachofanya ndizi ziive kabla ya kufika. Alikuwa sahihi kuhusu ndizi. Kuhusu machungwa, wataalamu wa baadaye waliona kwamba mwenye kosa huenda hakuwa chungwa lenyewe bali ukungu wa kijani ulioliota, maana chungwa zima hutoa gesi kidogo mno na ukungu ule hutoa kwa wingi.

Miaka hiyohiyo wakulima wa malimau wa California walikuwa na mabanda ya kuyageuza malimau rangi kutoka kijani kuwa njano, na ndani ya mabanda hayo waliwasha majiko ya mafuta ya taa. Kila mtu aliamini kwamba ni joto. Baadhi wakaamua kuondoa majiko yale machafu na kuleta joto kwa njia safi zaidi. Banda likawa na joto, malimau yakabaki kijani. Ikagundulika kwamba kazi ilikuwa inafanywa na moshi, na mwaka 1924 Frank Denny akaonyesha ni gesi gani iliyomo kwenye moshi huo: ethilini, gesi nyepesi isiyo na rangi, ambayo huzaliwa kitu chochote chenye kaboni kikiungua bila kupata hewa ya kutosha. Makumbi ya nazi yaliyonyunyiziwa maji yanatimiza sharti hilo barabara. Miaka kumi baadaye, mwaka 1934, Mwingereza Richard Gane alithibitisha jambo lililokuwa la ajabu zaidi, kwamba matunda yenyewe yanaitengeneza gesi ileile.

Hapo ndipo shimo linapopata maana. Moshi wa bibi hauiivishi ndizi. Unaianzisha tu, kwa kiasi kidogo ajabu. Sehemu moja ya ethilini katika sehemu milioni moja za hewa inatosha kuiamsha ndizi iliyokomaa. Ikishaamka hutoa ethilini yake, ambayo huamsha ya jirani, ambayo huiongezea nguvu ile ya kwanza. Ni mambo ya alfajiri kijijini: jogoo mmoja akishawika, wa nyumba ya pili anajibu, na baada ya muda huwezi tena kujua nani alianza. Ndizi iliyochubuka nayo hutoa gesi hiyo mapema kwa sababu ya jeraha lake, na ndiyo sababu bibi akikuta moja iliyopasuka huinyofoa kwenye chane na kuitupia mbuzi.

Kuna sehemu ya kazi hii ninayoiona kuwa ndiyo ufundi wenyewe, na haionekani kwa anayepita. Ni hewa. Ndizi inayoiva inapumua. Katika miaka ya 1920 Franklin Kidd na Cyril West, wakifanya kazi na matufaha huko Cambridge, waliona kwamba tunda linapokaribia kuiva upumuaji wake hupanda ghafla, hufika kilele, kisha hushuka. Ndizi hufanya hivyo kwa nguvu kubwa. Inavuta oksijeni, inatoa kabonidayoksaidi na joto, na joto hilo ndilo linalolifanya shimo lizidi kuwa na vuguvugu hata moshi ukiwa umekwisha siku nyingi. Wakati huohuo tunda haliwezi kutengeneza ethilini yake bila oksijeni. Mwaka 1979 Shang Fa Yang na Douglas Adams, huko California, walifuatilia hatua za utengenezaji huo na kuikamata hatua ya kabla ya mwisho. Ile ya mwisho, inayoitoa gesi, inahitaji oksijeni, na hewa isipokuwepo mambo husimama palepale mlangoni.

Kwa hiyo mvundikaji anakabiliwa na mambo mawili yanayovutana. Shimo likiwa wazi mno, gesi inakimbia, joto linakimbia, ndizi zinakauka na kuiva kwa kupishana, moja leo na nyingine wiki ijayo. Likizibwa mno, kabonidayoksaidi inajaa na oksijeni inakwisha, ndizi zinakosa pumzi. Zinakuwa laini zingali kijani, nyama inageuka kahawia karibu na kitovu, na ukizifungua zinanuka kama pombe iliyochacha. Wachanga wote wa kazi hii huharibu kwa kuziba. Wanadhani kufunika ndiyo kazi.

Asubuhi ya pili bibi huzibua tundu la ubavuni. Hachungulii, maana mle ni giza na hakuna cha kuona. Huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuuacha humo kwa muda, kisha huutoa na kunusa kiganja. Mkono unamwambia joto na unyevu: ukitoka mkavu, majani ya juu yananyunyiziwa maji. Pua inamwambia mengine. Siku ya pili harufu inayotakiwa ni ya majani yaliyochemshwa, na chini yake utamu kidogo sana, wa kudhania. Harufu ya chachu ikitokea, anapanua tundu mara moja na kuinua udongo pembe moja. Kisha huacha hewa ipite kwa kitambo, hupuliza moshi mara ya pili ila kwa uchache kuliko wa kwanza, na kuziba. Vyumba vya kisasa vya kuivishia ndizi, vile vya wasafirishaji wakubwa, hufanya hayohayo: ethilini ya kupimwa kwa siku moja au mbili, unyevu wa asilimia 90 na zaidi, kisha milango kufunguliwa ili kabonidayoksaidi itoke. Navistahi vyumba hivyo. Lakini vina vipimo ukutani, na fundi wake akikosea kengele hulia.

Siku ya tatu mambo ndani ya ganda yanakwenda kwa kasi. Vimeng'enya vinaukata wanga vipandevipande, kwanza sukari ya aina ile ya miwa, kisha hiyo nayo inagawanywa kuwa glukosi na fruktosi. Sukari ikijaa katika nyama huvuta maji kutoka kwenye ganda, ndiyo maana ganda la ndizi mbivu ni jembamba na linamenyeka, ilhali la ndizi mbichi halitoki bila kisu. Pektini, ile gundi inayoshikanisha kuta za chembehai, inayeyuka, na nyama inalainika. Ukakasi nao unaondoka, kwa njia ambayo mimi naipenda kuliko zote: tanini zinazosababisha ukakasi kwa sehemu kubwa haziendi kokote. Zinaungana na kuwa kubwa mno, haziyeyuki tena kwenye mate, na ulimi unazipita bila kuzihisi.

Uchachu una hadithi yake. Watu hudhani tunda linapoiva asidi hupungua, na kwa embe ni kweli. Embe bichi la kuliwa kwa chumvi na pilipili huachana na sehemu kubwa ya asidi yake likiiva. Ndizi hufanya kinyume. Asidi yake hupanda kadiri inavyoiva, na kuchacha huko kidogo nyuma ya utamu ndiko kunakoitenga ndizi nzuri na donge la sukari. Ndizi ya kisukari iliyovundikwa vizuri ina ncha hiyo. Iliyoharakishwa haina.

Harufu huja mwisho. Tunda hutengeneza esta zake kutokana na asidi za amino, na inayotawala kwenye ndizi ni isoamili asetati, ambayo viwanda vya peremende huinunua kwa mapipa. Nyuki wa asali wanaitoa pia, kwenye mwiba, kama king'ora cha kuita wenzao vitani. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1962, na wafugaji wengi wa nyuki huepuka kula ndizi kabla ya kwenda kwenye mizinga. Bibi wa Matombo hana mizinga, lakini hawezi kuisubiri harufu hiyo shimoni. Ikishajaa, amechelewa. Ndizi inayonukia vizuri ndani ya shimo itafika mjini ikiwa uji.

Anafungua, basi, kabla haijaonekana kuwa mbivu. Chane zinatoka zingali kijani, kijani kilichopauka, zenye manjano kidogo tu kwenye shingo, na mgeni huona kwamba kazi imeshindikana. Huzitandaza kivulini, penye upepo wa mlima. Usiku huo na siku inayofuata zinageuka rangi, zote pamoja, kama alivyokusudia.

Ubaridi huo una sababu, ingawa bibi anasema tu kwamba shimoni ndizi “haisafiki.” Manjano hayaingii ndizi siku ya kuiva, yalikuwemo tangu mwanzo, yamefunikwa na umbijani. Tunda likiiva umbijani unavunjwa na manjano yanafunuka. Ila katika ndizi za jamii ya Cavendish, ambazo kwetu watu wengi huziita kimalindi au mtwike, uvunjaji huo unakwama joto likizidi nyuzi 24 hivi. Nyama inaiva, sukari inajaa, ganda linabaki kijani. Ndiyo maana Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Januari, unaweza kula ndizi tamu kabisa yenye ganda la kijani, na mzoefu haangalii rangi, anabonyeza. Ndizi za mkono wa tembo hazina udhaifu huo. Zinageuka njano hata kwenye joto la kutoa jasho. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck walionyesha pia kwamba mabaki ya umbijani uliovunjwa hung'aa rangi ya buluu ndizi mbivu ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Sijui kama popo wanauona mng'ao huo. Ningependa iwe hivyo.

Mvundikaji mzuri anajua pia nini hakivundikiki. Nanasi halina akiba ya wanga, utamu wake wote ulitoka kwenye mmea, na siku linapokatwa hesabu imefungwa; ukiliweka wiki nzima litalainika na kunukia, halitaongeza utamu. Chungwa ni vivyo hivyo, na kijani cha machungwa ya Muheza si ubichi. Usiku wa huko hauna baridi ya kulitoa chungwa rangi ya kijani. Tikiti halivundikiki. Parachichi, kwa upande wake, limekwenda mbali kuliko hata ndizi: juu ya mti haliivi kabisa, linaweza kuning'inia miezi likiwa gumu, na huanza kulainika siku chache tu baada ya kuchumwa. Mtu anayelifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu moja anafanya kazi ya mvundikaji kwa kipimo cha mezani.

Zipo na mbinu za kisu. Wapo wanaopigilia kijiti kwenye kikonyo cha fenesi, wapo wanaolichanja papai mistari likiwa bado mtini. Watu wa mjini huziona kuwa ushirikina, lakini tunda lililojeruhiwa hutoa ethilini, na mbinu hiyo ina umri mkubwa. Huko Misri, tangu kale, watu walipanda juu ya mikuyu kuzikwaruza kuyu moja moja kwa chuma ili ziive, na Theofrasto, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliieleza kazi hiyo. Nabii Amosi alijitambulisha kuwa mtu wa mikuyu, na baadhi ya wafafanuzi husema alikuwa na maana ya kazi hiyohiyo ya kuzikwaruza. Moshi nao una matumizi mengine. Katika visiwa vya Azores vya Ureno wakulima huyafukizia mananasi ndani ya mabanda ya vioo ili yachanue kwa pamoja. Gesi ni ileile. Kwa ndizi iliyokomaa ni amri ya kuiva, kwa mnanasi ni amri ya kutoa ua.

Na kuna kabaidi. Hili lazima lisemwe kwa sababu limeharibu jina la kazi nzima. Ni kemikali ya mafundi wa kuchomelea, ikipata unyevu hutoa asetilini, na asetilini inafanana na ethilini kiasi cha kulidanganya tunda. Hutiwa kwenye vifurushi vya karatasi katikati ya maembe au ndizi, na kesho yake mzigo mzima ni njano. Kabaidi ya viwandani huja na masalia ya aseniki na fosforasi, ndiyo maana nchi kadhaa, India ikiwamo, zimepiga marufuku kuivishia matunda kwayo. Lakini hata kama ingekuwa safi ningeichukia. Inampa nguvu mtu asiyekagua. Kwa kuwa rangi itakuja tu, mikungu ya watoto inakatwa pamoja na wakubwa, embe lisilo na kokwa gumu linaangushwa, na mnunuzi anabeba nyumbani manjano yenye ukakasi ndani. Kwenye chane zilizopita kwenye kabaidi, vikonyo mara nyingi hubaki kijani kibichi chini ya ganda linalong'aa. Ukiona hivyo, endelea na safari yako.

Pale Mabibo, Dar es Salaam, kwenye soko la ndizi, huwezi kumwona bibi huyu popote, lakini madalali wanaujua mzigo wake unaposhushwa. Wananikumbusha kwamba yeye huuliza swali moja kabla ya kuwasha makumbi: lori linaondoka lini? Ndizi haisimami kuiva kwa sababu imepakiwa. Ndani ya lori mna joto, mna gesi, ndizi zimebanana, na turubai la juu linafanya kazi ya udongo. Njia ikiwa mbovu kwa mvua, ataitoa shimoni mapema zaidi. Akiambiwa mteja ni wa Morogoro mjini, ataiacha.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaompima. Watu wa pwani hawataki tu ndizi mbivu kwa futari. Wanataka mkono wa tembo au mzuzu uliofika mahali fulani, utamu umeshaingia lakini wanga bado ungalipo wa kutosha kuishikilia ndizi isiyeyuke kwenye tui zito la nazi. Ndizi za jamii hiyo hubakiza wanga mwingi zaidi zinapoiva kuliko kisukari, ila nafasi yenyewe ni ya siku moja au mbili, na mwandamo wa mwezi haupangiki kwa ratiba ya lori. Bibi hugawa mzigo katika mashimo mawili yanayopishana siku moja. Mwezi ukionekana Jumatatu, shimo la kwanza linafunguliwa. Usipoonekana, linapanuliwa tundu ili lipoe, na la pili linangojea zamu. Madalali wanaompigia simu usiku ule kumhimiza hawajibiwi. Amezima, anasikiliza redio.